Mgiriki mbele ya sahani ya lituma

Wagiriki waliingia Kisangani, zamani Stanleyville, wakati wa ukoloni, wengi wao wafanyabiashara, na wakaanzisha klabu yao hapa mjini. Mgiriki mugeni kwanza anapewa lituma: ndizi za kuchemsha na kutwanga, na sombe pembeni. Kisha liboke, samaki ya muto iliyofungwa mu majani na kuivishwa juu ya makala. Hapo anakumbuka dolmades za kwao, ila majani ya mzabibu yanaliwa. Ya liboke yanatupwa. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianizasio: magazini za wageni zikapewa Wazairwa, na Wagiriki wengi wakaondoka. Biashara ilikamatwa, utamu wa lituma, hapana.