Uyoga Alioubeba Mtu wa Kale

Shikeni somo lenu. Nitasoma polepole ili mnifuate kwa kidole.

Mvua za kwanza zikinyesha, huenda nawe huingia porini asubuhi kuokota uyoga, hasa ule mkubwa uotao juu ya kichuguu. Je, umepata kujiuliza binadamu ameutumia uyoga tangu lini? Jambo hili ni gumu kulijua, maana uyoga huoza upesi. Lakini mahali penye barafu hauozi.

Kati ya nchi za Austria na Italia ipo milima mirefu iitwayo Alps. Tarehe 19 Septemba 1991, mume na mke kutoka Ujerumani walikuwa wakitembea huko, wakaona maiti imechomoza katika barafu. Watu walidhani ni mpanda mlima aliyepotea miaka ya karibuni. Kumbe mtu yule alikufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita! Alikuwa na shoka la shaba, upinde, mishale, na uyoga wa namna mbili.

Namna moja ilikuwa ya kuwashia moto, kwa kuwa hushika cheche upesi. Namna ya pili ilikuwa vipande viwili, kila kimoja kimetobolewa na kutiwa ukanda wa ngozi. Uyoga huo huota ubavuni mwa mti. Ni mgumu tena mchungu. Basi aliubeba wa nini? Wataalamu walikuta mayai ya minyoo katika utumbo wake, na uyoga ule una vitu vya kuharisha na vya kudhuru minyoo. Wengine husema ilikuwa dawa yake. Wengine husema jambo hilo halijathibitishwa. Mimi naona ilikuwa dawa, maana apandaye mlima habebi mzigo wa bure. Lakini mtu yule hakujua kuandika, ndiyo sababu twabishana.

Uyoga wetu wa kula una faida nyingine. Ukiwa mbichi, karibu sehemu tisa katika kumi ni maji, kwa hiyo usiufanye badala ya maharage. Hata hivyo una vitamini za B, na ukikatwa na kuanikwa juani hupata vitamini D, kama vile ngozi yako nayo hufanya vitamini D juani.

Sasa sikilizeni vema. Uko uyoga ambao sumu yake haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaushwa. Aliyeula hutapika na kuharisha, kisha huonekana amepata nafuu, kumbe ini lake linaharibika. Aende hospitali upesi, asingoje.

Kazi ya nyumbani: mwulize mama au bibi yako majina ya uyoga unaoliwa kwenu. Yaandike katika daftari, na mbele ya kila jina andika mahali unapoota, na ule wa sumu unaofanana nao.