Kilimo cha usahihi msimu wa kupanda: simu, kamba na setilaiti

KILIMO cha usahihi ni mtindo wa kukipa kila kipande cha shamba kiasi kile tu cha mbegu na mbolea kinachohitaji. Siku ya kupanda ndiyo yenye uzito zaidi, kwa kuwa kosa la siku hiyo ni vigumu kulirekebisha hadi msimu mwingine.

Mkazi wa Tononoka, kisiwani Mombasa, mwenye shamba ng'ambo ya Daraja la Nyali kuelekea Kilifi, au ng'ambo ya feri ya Likoni upande wa Kwale, hulazimika kumtegemea kibarua. Humpa fedha za pembejeo kabla ya mvua ya masika, na mara nyingi hajui ukubwa halisi wa shamba lake.

Hapo simu ya mkononi husaidia. Akizunguka mpaka nayo, programu ya kupimia ardhi hutumia mawimbi ya setilaiti kukadiria eneo. Ekari moja ni mita mraba 4,047. Mahindi yakipandwa sentimita 75 kati ya mistari na 25 kati ya mashimo, ekari huchukua mashimo yapatayo 21,600. Aliyedhani ana ekari nzima, kumbe ana robo tatu, hununua mbegu na mbolea ya mashimo 5,400 yasiyokuwapo. Hata hivyo, simu ya kawaida yaweza kukosea kwa mita kadhaa. Shamba jembamba ni heri lipimwe kwa utepe.

Kwa sababu hiyo hiyo, simu haifai kunyoosha mistari. Matrekta ya mashamba makubwa hutumia mawimbi ya setilaiti yaliyosahihishwa na kituo cha ardhini, yakakosea sentimita mbili au tatu tu, huku mashine ya kupandia ikidondosha mbegu mojamoja na kuzihesabu. Mkulima mdogo hutumia kamba yenye mafundo kila sentimita 25, na kizibo cha soda cha kupimia mbolea, njia ambayo shirika la ICRISAT liliieneza Zimbabwe. Mbolea hufunikwa udongo kwanza, kwani ikigusa mbegu huiunguza.

Kina nacho hupimwa. Mbegu zilizofukiwa kwa kina tofauti huota siku tofauti, na mche uliochelewa hufunikwa na kivuli cha wenzake, ukala mbolea bila kuzaa hindi la maana.

Ama mbegu ikiwa ya nyanda za juu, kamba na setilaiti havitaokoa mavuno. Pwani hufaa aina kama PH1 na PH4, zilizotokana na utafiti wa kituo cha Mtwapa.