Nani Hushika Tope la Rufiji

Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kujazwa maji Desemba 2022, na kila anayeifikiria hatima ya delta ya Rufiji huanza na hesabu ya tani: ni mashapo kiasi gani yatabaki nyuma ya ukuta? Swali hilo ni la haki. Mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote huungana juu ya bwawa, kwa hiyo sehemu kubwa ya udongo wa bonde lazima ipite hapo kabla ya kufika pwani. Hata hivyo, nashikilia kwamba hesabu ya tani haitoshi. Tope likishafika deltani linaweza kukaa au kusombwa, na viumbe wana sauti kubwa katika jambo hilo.

Tuanze na fizikia yenyewe. Kanuni aliyoitoa George Stokes mwaka 1851 inasema kasi ya chembe kuzama hufuata mraba wa kipenyo chake. Punje ya mchanga laini, ya milimita 0.1, huzama mita moja kwa dakika mbili hivi. Chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.002 huhitaji takriban siku tatu kuzama kina hichohicho, tena maji yawe yametulia tuli. Rufiji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Kwa kanuni hiyo peke yake, mfinyanzi ungepitiliza hadi baharini, na mikoko isingekuwa na mahali pa kusimama.

Kinachouokoa kwanza ni chumvi. Katika maji baridi ya mto, chembe za mfinyanzi husukumana kwa chaji zake za umeme; zikikutana na maji ya bahari msukumano huo hufifia, zikagandamana kuwa madonge mepesi yanayozama kwa kasi kubwa zaidi. Tena, mkondo unaotosha kulibeba donge mara nyingi hautoshi kulibandua likishatua. Lililofikishwa na bamvua hadi ukingo wa juu wa mikoko huweza kubaki hapo siku zote za maji mafu, likikauka na kushikana.

Baada ya hapo kazi huingia mikononi mwa viumbe. Ukiinama juu ya tope lililoachwa na maji mchana, utaona uso wake wa kijivu ukipata rangi ya kahawia ya dhahabu. Hizo ni diatomu, mwani wa chembe moja, zinazopanda kufuata jua na kushuka tena kabla maji hayajarudi. Zikitembea hutoa ute, na ute huo hufunga punje kwa punje. Uguse kwa kidole: unateleza kama uji wa bamia.

Ushahidi wa nguvu ya utando huo ulio bora kuliko mwingine ninaoujua unatoka Ghuba ya Fundy, Kanada. Mwaka 1993 Graham Daborn na wenzake walichapisha utafiti kuhusu vitwitwi wanaotua huko kwa makundi makubwa wakiwa safarini kuelekea Amerika Kusini. Ndege hao hula Corophium volutator, kiumbe mdogo wa ukoo wa kamba anayeishi katika vishimo na kula diatomu. Walaji hao wa diatomu walipopungua, diatomu zilistawi na tope likawa gumu zaidi kusombwa. Ndege wamo, basi, katika hesabu ya mmomonyoko, jambo ambalo hakuna mhandisi angelibashiri kwa kupima kasi ya maji tu.

Rufiji si Fundy. Hapa mizizi ya mchu na mlilana iliyochomoza topeni hupunguza kasi ya maji na kuyapa madonge nafasi ya kutua. Kaa nao ni wa pande mbili: wakichimba hutupa juu udongo uliolegea, na maji huuchukua, lakini mashimo yayo hayo huingiza hewa topeni, na mikoko hunufaika. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema uhai daima huimarisha ufuko. Unaweza kuuimarisha au kuulegeza, na ndiyo sababu ni lazima upimwe.

Bwawa halizuii udongo tu. Hubadili pia majira ya mafuriko, na kwa njia hiyo hubadili mahali chumvi inapokutana na mfinyanzi. Ufuatiliaji unaostahili jina hilo ungepima, pamoja na tani, nguvu ya mkondo inayohitajika kulibandua tope, wingi wa diatomu usoni mwake na idadi ya mashimo ya kaa, wakati wa bamvua na wa maji mafu, masika na kiangazi. Ningeanzia kaskazini mwa delta, ambako mikoko imefyekwa kwa ajili ya mashamba ya mpunga, nikalinganisha kila shamba na msitu uliobaki kando ya mkondo uleule. Maeneo hayo mawili hupokea maji yaleyale. Tofauti itakayoonekana katika uimara wa tope lake haitaweza kuelezwa kwa tani za mto.