Istilahi za Gari la Magurudumu Manne

Kabla ya lami kufika Songea kutoka Makambako katika miaka ya 1980, safari za masika zilitegemea sana Landrova. Gari hilo, lililozinduliwa mwaka 1948, lilikuja kuwa na nyenzo mbili kando ya ule wa gia: wa njano, uliounganisha magurudumu ya mbele na injini, na mwekundu, ulioingiza gia ndogo.

Mambo hayo mawili yamezoeleka kuitwa kwa jina moja, foo wili. Hapo ndipo penye kasoro. La kwanza hugawa nguvu mbele na nyuma. La pili hupunguza mwendo na kuzidisha nguvu ya kuzungusha magurudumu. Mwanagenzi asiyetenganishiwa maana hungoja mpaka azame ndipo aushike wenzo. Au huyaacha magurudumu yameunganishwa kwenye lami, ambako mitambo hukazana penye kona, kwa kuwa magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma.

Tunapendekeza, basi, kiungo cha mbele kwa wenzo wa kwanza, na gia ya nguvu kwa wa pili, maana neno “ndogo” hupotosha. Madereva wa Mbinga na Tunduru wenye maneno bora zaidi tunawaomba watuletee.