Katharine Hepburn, babu, na kile kijiji

Wadau, wikiendi iliyopita nilikuwa Moro, mji kasoro bahari, kwa babu mzaa mama. Mvua ya Uluguru ikatufungia ndani. Nikafungua laptop, tukaangalia The African Queen, filamu ya mwaka 1951.

Kwa wasiomjua, Katharine Hepburn ndiye mwigizaji mwenye Oscar nyingi kuliko wote, nne, kuanzia Morning Glory (1933) hadi On Golden Pond (1981). Lakini hakupanda tu. Mwaka 1938 wenye majumba ya sinema Marekani walimtangaza kuwa sumu ya biashara. Akarudi kwa kishindo mwaka 1940 na The Philadelphia Story, filamu ambayo haki zake alikuwa nazo mwenyewe. Mjanja huyo!

Halafu akiwa na miaka 44, umri ambao Hollywood huwaweka wanawake kabatini, akapewa Rose Sayer, dada wa mmisionari, hajaolewa, mkali. Baada ya hapo zikaja Summertime (1955) na The Rainmaker (1956), nazo za mwanamke mtu mzima asiye na mume. Nusu ya pili ya kazi yake, kwa maoni yangu, ilianzia kwetu. Hadithi yenyewe inatokea Afrika Mashariki ya Kijerumani, Septemba 1914.

Kwetu kihadithi tu, lakini. Mwongozaji John Huston alipeleka kamera Kongo na Uganda. Kule Hepburn aliumwa tumbo la kuhara kwa kunywa maji, wakati Huston na Humphrey Bogart wanashushia whisky na wako fiti. Oscar ya filamu hiyo akapata Bogart.

Sasa, mwanzoni kabisa Wajerumani wanachoma kijiji na kuwaswaga watu. Rose anapanda boti na mapenzi yanaanza. Babu akanigusa bega.

"Babu, wale watu wamepelekwa wapi?"

Nikasema filamu haionyeshi. Akanyamaza. Baadaye akaniambia babu yake yeye alichukuliwa Matombo kubeba mizigo ya vita, hakurudi.

Hapo nikaona aibu kidogo, maana historia hiyo nimeisoma chuo na kuipita. Jeshi la Smuts liliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916, Lettow-Vorbeck akarudi nyuma kupitia Uluguru hadi Kisaki. Mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa majeshi, hivyo risasi na vyakula vikapanda milima ile vichwani mwa watu, upande wa Mjerumani na upande wa Mwingereza. Kariakoo mnakonunua viatu imepata jina kutokana na Carrier Corps, wapagazi wa Waingereza. Hata meli inayolipuliwa mwisho wa filamu ina mwenzake wa kweli: Goetzen, ambayo Wajerumani wenyewe waliizamisha Kigoma mwaka 1916. Ikaibuliwa, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Meli ina jina, tarehe na picha.

Hepburn simlaumu, kaigiza vizuri mno, na babu mwenyewe alimpenda ("mwanamke huyu hana woga"). Ila aliniomba nirudishe pale mwanzo, tukaangalia kijiji mara mbili.

Mdau ambaye ukoo wake una habari ya mpagazi wa 1916, hasa Matombo, Mgeta au Kisaki, naomba aniandikie. Jina tu linatosha.