Bogenvilia: Historia Iliyofichwa na Jina

Hapa Bujumbura bogenvilia tumeuzoea kama mmea wetu wa asili. Hufunika kuta za nyumba, hupandwa uani na katika vyungu vya barazani. Hata hivyo, asili yake ni Amerika Kusini, na jina lake linastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa historia.

Jina hilo linatokana na Louis-Antoine de Bougainville, Mfaransa aliyeongoza safari ya kuizunguka dunia kati ya 1766 na 1769. Lakini aliyeuingiza mmea huu katika elimu ya mimea si yeye. Ni Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea wa msafara huo, ambaye mwaka 1767 aliupata Brazili, karibu na Rio de Janeiro, akaupa jina la mkuu wake. Wakati huo Commerson alisumbuliwa na mguu. Kazi ya kubeba mizigo na kutafuta mimea ilimwelemea msaidizi wake, Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa nguo za kiume kwa kuwa wanawake walikatazwa kusafiri katika meli za kivita za Ufaransa.

Baadhi ya waandishi hudai kwamba Baret ndiye aliyeuchuma mmea wenyewe. Dai hilo lina mantiki, ila halina ushahidi wa moja kwa moja. Kwa maoni yangu, hatulihitaji. Mwaka 1785 serikali ya Ufaransa ilimpa Baret malipo ya uzeeni kwa mchango wake katika safari hiyo. Hati hiyo yatosha kuonyesha kwamba kazi yake ilijulikana, bali jina lake ndilo lililoachwa nje. Ilipofika 2012 ndipo mmea mmoja wa jamii ya viazi ulipopewa jina lake, Solanum baretiae.

Jambo hili halikuishia Ufaransa. Bogenvilia huenezwa zaidi kwa vipandikizi: tawi hukatwa, huchomekwa udongoni, humwagiliwa kwa kiasi. Kwa hiyo kila kichaka tunachokiona mjini kimepitia mikononi mwa watunza bustani, kizazi baada ya kizazi, na majina yao hayamo vitabuni.

Hata rangi tunayoisifia si ua, ni majani. Ua lenyewe ni dogo, jeupe, limejificha katikati. Historia nayo tuisome hivyo: tusiishie kwenye kinachong'aa.