Achari ndani ya sanduku la posta

Msimu wa projekti ndio huu, labu imejaa, na umeme nao unakatika unavyotaka. Programu ikizimika ghafla, objekti zako zote zinakwenda na maji, maana zilikuwa kwenye RAM tu. Dawa ipo, tena ya zamani, ila historia yake ina onyo ndani.

Mwaka 1979, Unix toleo la 7 lilitoka Bell Labs, Marekani, likiwa na maktaba ndogo ya Ken Thompson iitwayo dbm. Ni kanzidata ya ufunguo na thamani, basi. Fikiria posta: namba ya S.L.P. ndiyo ufunguo, barua ndiyo thamani, na karani haisomi barua yako. Ufunguo unapitishwa kwenye hesabu ya hashi, ikakuonyesha moja kwa moja sehemu ya faili ya kutazama. Diski inasomwa mara moja au mbili tu! Masharti yalikuwa magumu lakini: ufunguo na thamani yake kwa pamoja visizidi baiti 512, na programu ifungue kanzidata moja tu kwa wakati mmoja.

Mwaka 1986 watu wa Berkeley walileta ndbm, ukaweza kufungua kadhaa. Mwaka 1991 Margo Seltzer na Ozan Yigit wakaeleza mfumo mpya wa hashi, ulioingia kwenye Berkeley DB.

Sasa, hizo zote zinajua baiti tu. Objekti je, yenye orodha ndani na inayoshikana na objekti nyingine? Hapo ndipo inaingia Python, aliyoitoa Guido van Rossum mwaka huohuo wa 1991. Ina moduli iitwayo pickle, yaani achari: inaigeuza objekti kuwa mlolongo wa baiti ili isioze. Moduli nyingine, shelve, inachukua achari hiyo na kuiweka ndani ya dbm. Wewe unaiona kama kamusi ya kawaida ya Python, kumbe chini yake kuna wazo la 1979. Tangu Python 3.13 ya mwaka 2024, hata SQLite inaweza kukaa huko chini.

Onyo lenyewe ni hili. Achari haibebi kodi ya klasi yako, inabeba jina lake tu. Badilisha jina la klasi mwaka kesho, uone: data ipo, ila haifunguki. Kibaya zaidi, achari ya mtu usiyemjua ikifunguliwa inaweza kuendesha amri zake kwenye mashine yako.

Kwa hiyo projekti ya muhula mmoja, shelve inatosha kabisa, mradi ukumbuke kuifunga vizuri. Lakini kumbukumbu ambazo wenzetu watazihitaji miaka kumi ijayo, jamani, ziwekeni kwa maandishi na namba za kawaida. Thompson aliacha baiti bila kuzipa maana, na maana hiyo ni juu yetu kuitunza.

Haya, tuchangie. Wasalaam.